Unataka kompyuta yako icheze gemu kwa bajeti ndogo? Soma kwanza pawa saplai

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue kule Nairobi zilianza maisha ofisini. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizotumika nje, zikafutwa vumbi na kuletwa sokoni. Kwa kijana anayetaka kucheza GTA V au FC nyumbani bila kununua PlayStation, hapo ndipo pa kuanzia. Mashine ni imara, fundi anaijua na vipuri vinapatikana.

Shida inaanza wiki ya pili. Gemu inafunguka vizuri, lakini ukifika katikati ya mji au ndani ya boksi ya penalti picha inaganda. Unajibana miezi kadhaa, unanunua kadi ya grafiki, yaani kile kifaa kinachochora kila unachokiona kwenye kioo wakati wa gemu. Ukifika nyumbani haiingii kwenye boksi. Au inaingia, ila waya wa kuipa umeme haupo. Na risiti imeandikwa kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hasara ya namna hiyo inazuilika kwa bisibisi moja na dakika kumi, kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza jua nani anakuangusha

Kabla ya kununua chochote, pima. Washa gemu yako, cheza kama dakika 15, kisha bonyeza Alt na Tab kwa pamoja utoke nje, halafu Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager. Ingia sehemu ya Performance. Grafu zake zinaonyesha sekunde 60 zilizopita, kwa hiyo utaona kompyuta ilikuwa na hali gani ulipokuwa ndani ya gemu.

Kama GPU iko karibu na asilimia 100 na prosesa bado inapumua, kadi ya grafiki ndiyo imezidiwa. Kama GPU iko asilimia 50 au 60 na gemu bado inakwama, ujue kuna mwingine anaichelewesha, na mara nyingi ni prosesa. Usidanganyike ukiona prosesa iko asilimia 70. Hiyo ni wastani wa sehemu zake zote, na inawezekana sehemu moja imeelemewa huku nyingine zimekaa tu. RAM ikiwa imejaa na diski iko asilimia 100, jibu umeshalipata.

Kuna kipimo kingine cha bure ambacho binafsi nakiamini zaidi. Kwenye setingi za gemu, shusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Gemu ikianza kukimbia, tatizo ni kadi ya grafiki, kwa sababu umeipunguzia kazi ya kuchora. Ikibaki vile vile, kadi mpya haitakusaidia. Prosesa ndiyo imechoka.

Angalia pia gemu yenyewe inataka nini. GTA V ya mwanzo, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, inapendekeza prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660. Karibu kila kompyuta ya ofisi inayouzwa sasa inaifikia kwa upande wa prosesa. Lakini FC 25 kiwango chake cha chini kabisa ni Core i5-6600K na kadi ya GTX 1050 Ti. Kwa hiyo mtu anayesema "nataka mashine ya gemu" inabidi kwanza aseme ni gemu gani. Anayecheza GTA V na CS pekee hana sababu ya kutumia pesa sawa na anayetaka FC mpya kila mwaka.

Fungua boksi, soma stika

Sasa chomoa umeme, fungua ubavu wa lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU (ingawa CPU ni prosesa iliyo ndani yake) na utafute pawa saplai. Ni kile kisanduku cha chuma ambacho waya wa ukutani unaingilia. Pembeni kuna stika yenye idadi ya wati.

Hapa ndipo watu wanaingizwa mjini, tena na pesa zao wenyewe.

Chukua mfano wa Dell OptiPlex 9020, mashine ya kizazi cha nne cha Intel ambayo imejaa sokoni. Ile ndefu ina pawa saplai ya wati 290. Ile nyembamba ina wati 255. OptiPlex 7050, ambayo ni mpya zaidi, toleo lake jembamba lina wati 180 tu. Yaani mashine mpya ina umeme kidogo kuliko ya zamani, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya Excel na barua pepe, siyo kwa ajili ya Los Santos.

Halafu pawa saplai hizi hazifanani na zile za kawaida za dukani. Ya kawaida inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ya pini 24. OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6. Ukinunua pawa saplai ya wati 500 ukaileta nyumbani, haitaunga bila adapta maalumu, na kwenye boksi jembamba haitaingia kabisa kwa umbo lake.

Maana yake, kwa mashine nyingi za ofisi chaguo lako linaamuliwa na tundu la kadi kwenye mazabodi. Tundu hilo, PCI Express la x16, linatoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotosheka na wati 75 haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Inayozidi hapo inataka waya wa pini 6 au 8 ambao mashine yako hana uwezekano mkubwa wa kuwa nao.

RX 580, kwa mfano, ni kadi inayosifiwa sana kwa watu wa bajeti, na kweli ina nguvu. Lakini inakula wati 185. Muuzaji atakwambia, "Usijali kaka, kuna adapta, tunachukua umeme kwenye waya wa diski." Kataa. Plagi ya umeme ya diski ya SATA imetengenezwa kubeba takriban wati 54 kwenye laini ya volti 12. Kuilazimisha kulisha kadi kubwa ni kutafuta plastiki iliyoyeyuka, na kama una bahati mbaya, mazabodi iliyoungua.

Kadi zinazokufaa ni chache, na moja inanipendeza zaidi

Ndani ya wati 75 kuna majina machache ya kukumbuka. GT 1030 inakula wati 30. RX 6400 inakula 53. RTX 3050 ya GB 6 inakula 70. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinafika 75, ingawa baadhi ya matoleo ya 1650 yamewekwa tundu la waya wa ziada, kwa hiyo igeuze uitazame kwa macho kabla ya kulipa.

Kati ya hizo, kwa mtu mwenye mashine ya zamani ya ofisi, mimi ningetafuta GTX 1650 iliyotumika. Sababu siyo kasi peke yake. Oktoba 2025 Nvidia ilisitisha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi cha Pascal, ambamo ndimo zilimo GTX 1050 Ti na GT 1030. Zitaendelea kupata masasisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028. Hazijafa, gemu za zamani zitaenda vizuri. Ila gemu mpya ikitoka na hitilafu kwenye kadi hizo, usitegemee draiva ya kuirekebisha. GTX 1650 ni ya kizazi kinachofuata na bado inahudumiwa. Kama tofauti ya bei kati yake na 1050 Ti ni ndogo, ongeza hicho kidogo.

RX 6400 inavutia kwa sababu ni ndogo na haili umeme. Kasoro yake ni kwamba inatumia njia 4 tu za mawasiliano kwenye lile tundu lenye njia 16. Kwenye mazabodi mpya haionekani sana. Kwenye mazabodi ya OptiPlex 9020, yenye PCI Express ya toleo la 3, kasi inapungua, hasa memori yake ya GB 4 ikijaa. RTX 3050 ya GB 6 ndiyo kali kuliko zote hapa, lakini bei yake mara nyingi itakufanya ujiulize kwa nini usinunue mashine nyingine.

GT 1030 mimi ningeiacha kwa mtu anayecheza gemu nyepesi tu. Na hata hapo uwe makini. Iko ya memori ya GDDR5 na iko ya DDR4, jina ni lile lile kwenye boksi. Ile ya DDR4 memori yake inasafirisha GB 16.8 kwa sekunde wakati ya GDDR5 inasafirisha 48. Karibu theluthi moja, kwa jina lile lile.

Pima na nafasi. Kwenye boksi jembamba unahitaji kadi fupi, ile ya nusu kimo, pamoja na kibati chake kifupi cha kuifungia. Muulize muuzaji kama kibati kipo, maana bila hicho kadi itaning'inia. Angalia pia unene. GTX 1650 nyingi zina feni nene inayochukua nafasi ya matundu mawili, na kwenye baadhi ya maboksi membamba tundu kubwa limebanana na pawa saplai. Chukua rula, pima, andika kwenye simu, ndiyo uende dukani.

Kadi feki zipo

Wajanja huchukua kadi ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, wanabadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, wanabandika stika mpya. Windows inaonyesha jina zuri, gemu inaganda.

Kinga ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kutambua kadi za Nvidia zilizobadilishwa jina, na ikiikamata inaandika neno FAKE kabla ya jina la kadi. Iweke kwenye flashi yako na uende nayo. Dalili nyingine ni tundu la VGA, lile la buluu la kizamani. Kizazi cha 1050 Ti hakitoi picha ya VGA chenyewe, kwa hiyo ukiliona tundu hilo kwenye kadi yenye jina hilo, tilia shaka.

Kuna wanaoogopa kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kabisa mfumo wa kuchimba kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Siyo zote mbovu. Kinachochoka zaidi ni feni na ile krimu ya kupitisha joto, na vyote vinabadilishwa. Cha msingi ifungwe kwenye mashine pale pale dukani, iendeshwe dakika 20 kwa gemu au programu ya kuipima, na wewe uwe unaangalia. Muuzaji anayekataa hilo, mshukuru na uondoke.

RAM mbili ndogo kuliko moja kubwa

Mashine nyingi za ofisi zinauzwa na RAM moja ya GB 4 au 8. Prosesa inaweza kusoma RAM mbili kwa wakati mmoja, kama barabara iliyoongezewa njia ya pili. Kwa hiyo GB 8 mbili zinashinda GB 16 moja, na mtu ambaye bado hana kadi ya grafiki ndiye ataiona tofauti zaidi, kwa kuwa grafiki ya ndani ya Intel inakopa RAM hiyo hiyo kuchorea picha.

OptiPlex 9020 inatumia DDR3, ya 7050 ni DDR4. Haziingiliani, na RAM za laptop haziingii kwenye mashine hizi. Piga picha stika ya RAM uliyonayo, nenda nayo.

Bei za RAM zilipanda duniani kote mwishoni mwa 2025 kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinanunua memori kwa wingi. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD za watumiaji wa kawaida, ili ielekee kwa wateja wakubwa. Hivyo RAM mpya siyo tena kitu cha "nitaongeza tu". RAM zilizochomolewa kwenye mashine nyingine za ofisi zinafaa kabisa, na mara nyingi fundi anazo kwenye droo.

Kuhusu SSD, weka kama bado unatumia hadi diski, ila usitarajie miujiza. Itaifanya kompyuta iwake haraka, gemu ifunguke haraka, na kwenye gemu za dunia kubwa kama GTA itapunguza ule mkwamo wa majengo kuchelewa kutokea. Idadi ya fremu kwa sekunde haitapanda. Ya SATA ya kawaida inatosha.

Prosesa na lini uache

Kama 9020 yako ina Core i3, kuipandisha hadi i5 ya kizazi hicho hicho, mfano i5-4590 iliyotumika, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Unatoka kwenye viini 2 vya kufanyia kazi hadi 4. Kutoka i5 hadi i7-4790 faida ipo, ila uliza bei vizuri, kwa sababu hizo i7 bado zinagombaniwa.

Kama mashine ni ya kizazi cha pili au cha tatu, mfano OptiPlex 7010, mimi ningeacha. Prosesa hizo hazina AVX2, aina ya maelekezo ambayo baadhi ya gemu mpya haziwaki bila hayo. Hakuna kadi ya grafiki itakayoziba pengo hilo.

Kuna na suala la Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ikatoa mpango wa masasisho ya usalama ya ziada hadi Oktoba 13, 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mafundi wanajua kuilazimisha kwenye mashine za zamani, na itawaka. Lakini Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, la sivyo inakufungia mlango. Battlefield 6 ya mwaka 2025 nayo inadai vyote viwili. Kijana anayecheza Valorant akikubali kuwekewa Windows 11 ya kulazimisha kwenye 9020, anaweza kuamka asubuhi hana gemu.

Kwa hiyo piga hesabu hivi. Jumlisha bei ya kila unachotaka kuongeza. Ukiona imezidi bei ya mashine yenyewe, simama na uulize bei ya OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, zile ndefu. Ni kizazi cha nane, zinakubali Windows 11, na i5-8500 ina viini 6. Kadi ya wati 75 uliyonunua inahamia huko bila shida. SSD pia. RAM ya DDR3 haihami, na hiyo ni sababu nyingine ya kutojaza RAM nyingi kwenye mashine ya zamani.

Ndiyo maana kwa bajeti ndogo naona kadi ya grafiki na SSD ni mali, lakini prosesa na RAM za kizazi cha zamani ni matumizi. Ya kwanza utayabeba kwenda kwenye mashine ijayo. Ya pili yatabaki pale.

Umeme, vumbi na ule waya wa kioo

Usisahau UPS au kwa uchache stebilaiza. Umeme unaokatika na kurudi ghafla ni hatari kwa pawa saplai, na umeshaona pawa saplai za mashine hizi zilivyo ngumu kubadilisha. Tenga kiasi cha UPS kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kabla hata ya hayo, puliza vumbi na ubadilishe krimu ya prosesa. Mashine iliyokaa ofisini miaka kadhaa mara nyingi inachemka na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kuna watu wameishia hapo hapo na wakaridhika.

Na ukishafunga kadi mpya, hamisha waya wa HDMI. Usiuache kwenye tundu la zamani la mazabodi, uchomeke kwenye kadi yenyewe, chini kidogo. Ukiuacha juu, kioo kitaendelea kupokea picha kutoka grafiki ya zamani au kubaki cheusi, na utampigia muuzaji simu kumlaumu bure.